Mtu na Wenziwe: Mafunzo Manne kutoka Historia ya Kasulu na Kibondo

Ikiwa ulilisikia somo hili katika redio, sasa waweza kulisoma tena polepole, kwa kuwa neno la redio hupita kama upepo, lakini neno lililopigwa chapa hukaa. Ikiwa mko darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mwingine aendelee.

Leo tutajifunza elimu iitwayo saikolojia ya jamii. Usiliogope jina hili. Saikolojia ni elimu ya fikira na tabia za mtu. Saikolojia ya jamii ni elimu ya mtu awapo pamoja na watu wenziwe: jinsi wao wanavyomgeuza, na jinsi yeye anavyowageuza. Wazee wetu waliijua kwa maneno machache zaidi. Walisema: Mtu ni watu.

Jipime mwenyewe. Je, hujapata kucheka kwa sababu wenzio wamecheka, ingawa neno lenyewe halikukuchekesha? Je, hujapata kunyamaza katika mkutano, nawe una shauri jema moyoni, kwa kuwa uliona wote wamekubali jambo jingine? Basi wewe umekwisha kuiona elimu hii ikifanya kazi ndani yako.

Twaweza kujifunza mambo haya katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Lakini leo kitabu chetu kitakuwa nchi ya Waha, yaani Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, mpakani mwa Burundi. Katika miaka mia moja iliyopita watu wa nchi hii wamehamishwa, wameitwa kazini mbali, wamekusanywa vijijini, na wamepokea wageni wengi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Kila jambo katika hayo latufundisha kitu juu ya mtu na wenziwe.

FUNZO LA KWANZA: USITAZAME MTU UKASAHAU HALI YAKE

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitawala Tanganyika, nao walidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Mtu wa Kibondo au Kasulu angepata wapi fedha? Alikuwa na mihogo, maharagwe na ndizi, lakini soko lilikuwa mbali, na barabara zilikuwa chache na mbaya. Mazao ya kuuza yalikuwa kidogo. Lakini fedha zilikuwako Tanga na Morogoro, katika mashamba ya mkonge.

Basi wanaume wakaenda. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo cha kutafuta wafanya kazi, kilichoitwa SILABU, nacho kiliandika watu wengi kutoka mkoa wa Kigoma. Watu walioandikwa hivyo waliitwa manamba. Jina hili latokana na neno namba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Mtu aliyeacha nyumbani jina la baba yake, ukoo wake na mji wake, alipofika kule alijulikana kwa namba.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wenyeji wa mahali walimwona Mha akikata mkonge juani, nguo zake zimechakaa, amelala katika nyumba ya kambi pamoja na wenziwe wengi. Baadhi yao wakasema: Watu hawa ndivyo walivyo. Wamezaliwa kwa kazi ngumu. Wenye mashamba nao walikuwa na desturi ya kusema kwamba kabila hili lafaa kwa kazi hii, na kabila lile lafaa kwa kazi ile, kama mtu achaguavyo jembe na panga.

Je, walikosea nini? Walimtazama mtu, wakaisahau hali. Hawakuiona kodi. Hawakuiona safari ya siku nyingi. Hawakumwona mke aliyebaki akilima peke yake, wala mtoto anayengoja nguo. Waliyaona matendo tu, wakadhani matendo hayo yatoka katika damu ya mtu.

Kosa hili si la watu wa Tanga tu. Ni la watu wote. Mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Lee Ross alilipa jina mwaka 1977, akaliita kosa la msingi. Maana yake ni hii: tukiona mwenzetu ametenda jambo, upesi twasema ndiyo tabia yake, lakini tukitenda sisi wenyewe jambo lile lile, twasema tulilazimishwa na hali. Jirani akichelewa mkutanoni ni mvivu. Mimi nikichelewa, mvua ilinyesha.

Basi kumbuka funzo la kwanza: kabla ya kusema, Huyu yu hivi, uliza kwanza, Huyu yu katika hali gani?

FUNZO LA PILI: UVUMI HUOTA PENYE GIZA

Turudi nyumbani, Kasulu na Kibondo, katika miaka ya 1930. Waha wa zamani hawakupenda kukaa kwa kubanana. Kila mji ulikuwa peke yake, na mashamba na migomba yake kando. Lakini katika mapori walikuwamo mbung'o, ambao huku magharibi wengi huwaita ndorobo, na baadhi ya mbung'o hao huchukua ugonjwa wa malale. Ugonjwa huu usipotibiwa huua.

Tangu mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha watu wa Buha kutoka katika miji yao ya mbalimbali, ikawakusanya katika makao makubwa. Shauri lao lilikuwa hili: watu wakikaa pamoja wataweza kufyeka pori, na mbung'o hukosa kivuli cha kukaa. Shauri hili lilikuwa na maana. Lakini tazama jinsi lilivyomfikia mwenye mji. Aliambiwa aache shamba lake, migomba aliyopanda babu yake, na makaburi ya wazee wake, kwa sababu ya inzi. Aliyemwambia hivyo hakumwomba shauri, na mara nyingi hakujua lugha yake.

Kisha walikuja waganga kutafuta wagonjwa. Kuutambua ugonjwa wa malale ni lazima damu ya mtu itazamwe kwa hadubini. Mgeni aja, achoma kidole chako, achukua tone la damu, aenda nalo. Hakuelezi lolote ukaelewa. Wewe ungefikiri nini?

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kongo, wakati wa ukoloni, ulienea uvumi wa mumiani. Watu walisema kwamba wako wanaokamata watu usiku na kunyonya damu yao ili kutengeneza dawa. Kule Kongo ya mashariki waliitwa batumbula. Uvumi huu uliwashika wazima moto, waganga, wapima ardhi, na mtu ye yote mwenye vyombo visivyoeleweka.

Wengine husema kwamba watu walioamini hayo walikuwa wajinga. Hilo ni kosa lile lile la funzo la kwanza. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika kitabu juu ya uvumi, nao walionyesha kwamba uvumi huota po pote pale mambo mawili yanapokutana. La kwanza, jambo lenyewe liwe zito kwa watu. La pili, habari zake ziwe za giza. Moja likikosekana, uvumi hufa. Habari za damu yako na za mji wako ni nzito. Na aliyekuja kuichukua damu hiyo hakueleza. Basi giza likawako, na mumiani akaingia.

Wataalamu hao walifanya jaribio moja. Walimwonyesha mtu picha ya watu garini. Mzungu mmoja alikuwa ameshika wembe mkononi, naye alikuwa akibishana na mtu mweusi. Aliyeiona picha alimsimulia wa pili, wa pili akamsimulia wa tatu, na kuendelea. Mambo mengi yalipotea njiani. Na mara nyingi habari ilipofika mwisho, wembe ulikuwa umehama: ulikuwa mkononi mwa mtu mweusi. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Kila mmoja aliikamilisha habari kwa yale aliyoyazoea kuyaamini.

Wahenga walisema, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri, lakini uitumie kwa uangalifu. Lisemwalo huenda lipo. Lakini wembe huenda umehama mkono. Siku hizi uvumi hausafiri kwa miguu. Husafiri kwa simu, nao hufika vijiji vyote kabla jua halijachwa. Dawa yake ni ile ile: kuwasha taa. Mwenye habari za kweli na aziseme mapema, kwa lugha ya wasikilizaji, na akubali kuulizwa.

FUNZO LA TATU: LILILOAMULIWA PAMOJA HUSHIKWA

Mwaka 1972 watu wa Kigoma walihamishwa tena. Safari hii ilikuwa serikali yao wenyewe, katika mpango ulioitwa Operesheni Kigoma, wa kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuwaletea shule, maji na zahanati. Lakini fikiri: aliyekuwa mtoto wa miaka 6 mwaka 1933, alikuwa mtu wa miaka 45 mwaka 1972. Alikuwa amekwisha kuambiwa mara moja, Hama, ni kwa faida yako. Haishangazi ikiwa wako waliohama kwa miguu lakini mioyo ikabaki nyuma.

Sasa linganisha jambo hilo na jambo jingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio katika Tanzania nzima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu hawakuambiwa wasikilize tu. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Viongozi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo. Baada ya kipindi cha redio, walisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe watafanya nini kijijini kwao. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vingi sana vilichimbwa, maji ya kunywa yakachemshwa, na majani marefu yakafyekwa karibu na nyumba.

Kwa nini mtu aliyesikia mara nyingi habari za choo asichimbe, akichimbe leo? Jibu lilionekana Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyama ilikuwa haba, na serikali ilitaka akina mama wapike moyo, figo na sehemu nyingine ambazo hawakuzipenda. Mtaalamu Kurt Lewin aliwagawa akina mama. Vikundi vingine vilihutubiwa vizuri juu ya faida ya vyakula hivyo. Vikundi vingine vilijadiliana vyenyewe, na mwishoni kila mmoja akainua mkono kuonyesha kama atajaribu. Baadaye waliulizwa. Katika waliohutubiwa, waliopika ni 3 kwa kila 100. Katika waliojadiliana, ni 32 kwa kila 100.

Waona tofauti? Habari zilikuwa zile zile. Lakini anayehutubiwa hukaa peke yake hata katikati ya watu. Hajui jirani yake anawaza nini. Anayejadiliana huona kwamba wenziwe nao wanabadilika, tena ameinua mkono mbele yao, naye huona haya kurudi nyuma.

Ndiyo sababu wewe nawe unajifunza darasani pamoja na wenzio. Na ndiyo sababu kiongozi wa kijiji anayetaka jambo lidumu hana budi kuvumilia mkutano mrefu.

FUNZO LA NNE: SISI NA WAO

Sasa tumefika mahali pagumu. Tafadhali tusome kwa utulivu.

Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu. Mha akisema inka, Mrundi ajua kwamba ni ng'ombe. Mha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka waweza kuzungumza bila mkalimani. Tangu zamani watu walivuka kwenda huku na huku kwa kuoana, kutafuta malisho, na kununua chumvi ya Uvinza. Chini ya Wajerumani nchi zote mbili zilikuwa koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walichukua Ruanda-Urundi na Waingereza wakachukua Tanganyika. Na Kigoma yenyewe ilishikwa na Wabelgiji tangu mwaka 1916 hadi 1921. Hivyo mpaka uliowagawa watu hawa ulichorwa na wageni.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na vita vikaanza. Watu kwa maelfu na maelfu waliingia Kibondo na Kasulu. Tangu mwaka 1996 wakaja pia wakimbizi kutoka Kongo, wakakaa Nyarugusu. Zikawako kambi za Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Mtendeli na nyinginezo.

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakimbizi wengi walilishika jembe hilo: walilima katika mashamba ya wanavijiji kwa ujira. Penye masoko karibu na kambi, mwanakijiji aliuza ndizi na mihogo, akanunua unga na mafuta. Wengine walitibiwa katika hospitali za kambi. Lakini kuni zilipungua, misitu ikakatwa, mara kwa mara wizi na unyang'anyi ulitokea, na hofu ikaingia pande zote mbili. Wanawake wa kambini waliokwenda porini kutafuta kuni walikutana na hatari kubwa. Malalamiko ya wanavijiji yalikuwa ya kweli, na mateso ya wakimbizi yalikuwa ya kweli.

Katika hali kama hiyo neno moja dogo huanza kukua, nalo ni neno Wao. Mmoja akiiba, husemwa, Wao ni wezi. Kwetu akiiba mtu, twamtaja kwa jina lake: Fulani ameiba. Angalia sana tofauti hii. Wa kwetu hukosa mmoja mmoja. Wa kwao hukosa wote pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1997 serikali iliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka, ikawapeleka kambini. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, maana vita vilikuwa vikiendelea ng'ambo. Lakini baadhi ya waliochukuliwa walikuwa wameishi vijijini humo miaka mingi, wameoa na kuolewa. Jana alikuwa baba wa fulani, mwenye shamba bondeni. Leo alikuwa Mrundi tu. Jina la kundi lilikuwa limemeza jina la mtu.

Na usidhani kwamba upanga huu hukata upande mmoja. Watu wengi wa Kigoma, raia kabisa, wamepata kuulizwa katika miji mingine, Wewe si Mrundi? kwa sababu ya matamshi yao tu. Anayelilia haki asipimwe kwa matamshi, hana budi naye asiwapime wengine hivyo.

Je, kuna dawa? Iko, nayo imejaribiwa. Mwaka 1954, huko Oklahoma, Marekani, mtaalamu Muzafer Sherif na wenziwe waliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi, wakawagawa makundi mawili kambini. Hawakuwa na ugomvi wo wote hapo kwanza. Kila kundi lilijipa jina. Kisha wakashindanishwa kwa zawadi. Baada ya siku chache walitukanana, wakachomeana bendera, wakavamiana usiku. Waliwekwa pamoja kula chakula, wakarushiana chakula.

Ndipo wataalamu wakaleta shida isiyoweza kutatuliwa na kundi moja. Maji ya kambi yalikatika, ikawapasa wote watafute palipoziba. Siku nyingine lori la chakula lilikataa kuwaka, nao wote wakalivuta kwa kamba, kamba ile ile waliyokuwa wakishindana nayo. Polepole uadui ukapungua.

Mwaka huo huo Gordon Allport aliandika kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Watu wakutane wakiwa sawa, wawe na lengo moja, wasaidiane kulifikia, na wakubwa wao waunge mkono. Mwanakijiji na mkimbizi wakikutana kwa kugombea kuni, chuki itazidi. Wakikutana kuchimba kisima kimoja, kupanda miti, au kununua na kuuza kwa bei wanayokubaliana, chuki itapungua.

Na ukumbuke kwamba mstari kati ya Sisi na Wao huweza kusogezwa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 katika wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 na wazao wao. Damu yao haikubadilika siku ile. Lugha yao haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali mstari ulipopita, nao waliokuwa Wao wakawa Sisi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mtaje mtu mmoja uliyemhukumu upesi, lakini usilitaje jina lake. Baadaye uligundua alikuwa katika hali gani?

2. Ni uvumi gani uliosikika hapa kwenu mwaka huu? Jambo lenyewe lilikuwa zito kwa nini, na giza lake lilikuwa wapi?

3. Ni jambo gani la kijiji chenu lililoamriwa likafa, na lipi lililoamuliwa pamoja likadumu?

4. Kuna kundi gani ambalo ninyi huliita Wao? Taja kazi moja ambayo ninyi nao mwaweza kuifanya kwa faida ya wote.

Jibuni kwa uvumilivu, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata yule ambaye hunyamaza siku zote. Mwishoni amueni jambo moja dogo la kufanya juma hili, na kila mmoja ainue mkono. Mmekwisha kujua sababu yake.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.